Minyoo Wanaokaa Mwilini kwa Miaka: Wanaifanyia Nini Kinga Yako? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Je, ni kweli minyoo hushusha kinga ya mwili?

Ni nusu ya ukweli. Kinga ya mtu mwenye minyoo wa muda mrefu haijafa kama inavyokufa UKIMWI unapofika mbali. Iko kazini usiku na mchana, ila imeelekezwa upande mmoja na imefungwa breki. Upande huo ni ule wa kupambana na viumbe wakubwa wasioweza kumezwa na seli. Breki ni seli na kemikali zinazotuliza mapambano yasiuharibu mwili wenyewe. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoeleza kwa nini mtu huishi na kichocho miaka bila homa, kwa nini chanjo nyingine huitikiwa kwa unyonge, na kwa nini kidonge cha kutuliza pumu kinaweza kumuua mtu mwenye aina fulani ya minyoo.

Minyoo gani hasa?

Wale wanaokaa. Minyoo mviringo (Ascaris) huishi mwaka mmoja hadi miwili, safura miaka kadhaa, kichocho kwa kawaida miaka 3 hadi 10. Wapo watu waliogundulika na kichocho hai zaidi ya miaka 30 baada ya kuhama eneo la maambukizi. Hawa wote hawazaliani hadi utu uzima ndani ya mtu: mayai au watoto wao lazima watoke nje kwanza, au, kwa mnyoo wa matende, wapitie mbu. Ukiona mtu ana minyoo mingi, ujue ameambukizwa mara nyingi. Anayevunja kanuni hiyo ni Strongyloides, mnyoo mdogo wa utumbo anayejirudia ndani ya mwili uleule, kizazi baada ya kizazi. Ana swali lake hapo chini.

Mwili hupambana vipi na mnyoo?

Bakteria humezwa na seli na kuyeyushwa. Minyoo mviringo jike anaweza kufika sentimita 30 na zaidi, na hakuna seli ya kummeza. Kwa hiyo mwili hujaribu kumfanya ashindwe kukaa.

Kazi huanzia kwenye ukuta wa utumbo, mapafu au ngozi. Seli zilizojeruhiwa, pamoja na seli chache za utumbo zenye kazi ya kunusa wageni, humwaga ishara za hatari ziitwazo IL-25, IL-33 na TSLP. Ishara hizo huamsha seli T wasaidizi wa aina ya pili, ambazo wataalamu huziita Th2, nazo hutoa kemikali tatu za kukumbuka. IL-5 huita eosinofili, chembe nyeupe za damu za kupambana na minyoo, kutoka kwenye uboho. IL-13 huongeza ute na kuharakisha mwendo wa utumbo ili mnyoo asukumwe nje. IL-4 huziambia seli B zitengeneze kingamwili aina ya IgE, zinazokaa juu ya seli za masti na kuzifanya zimwage histamini zikikutana na mnyoo.

Aliyewahi kusoma kuhusu aleji ataona kwamba ni mashine ileile. Kupiga chafya kwa vumbi ni silaha ya kupambana na minyoo inayofyatuliwa bila minyoo.

Watoto wa minyoo mviringo na safura hupitia mapafuni kabla ya kufika utumboni. Wakipita wengi kwa pamoja, mtu hukohoa na kukoroma kifua kwa siku kadhaa hadi wiki mbili hivi, picha ya eksirei huonyesha mabaka yanayohamahama, na eosinofili hupanda. Choo wakati huo hakina yai hata moja, maana minyoo bado wachanga. Ndiyo sababu wengine huishia kupewa antibiotiki bila faida.

Basi kwa nini mnyoo hafi?

Kwa sababu naye anapambana. Kichocho aliyekomaa hukaa ndani ya mshipa wa damu, katikati kabisa ya jeshi, akiwa amevaa ngozi yenye tabaka mbili za mafuta anazozibadilisha kila mara. Juu yake hubandika vitu vya damu yako, zikiwamo alama za kundi la damu, hivyo kingamwili hazimtambui vizuri. Safura hutoa protini za kuzuia damu kuganda na nyingine za kuzifunga mikono chembe nyeupe za damu. Minyoo wa panya aitwaye Heligmosomoides polygyrus, ambaye watafiti humtumia sana maabara, ana protini inayofanya kazi ya TGF-beta (kemikali ya kutuliza kinga) ya mwenyeji ingawa haifanani nayo kwa umbo, na nyingine inayoikamata IL-33 kabla ishara ya hatari haijasikika.

Mbinu yenye madhara ya muda mrefu ni ya kuzidisha seli T za kudhibiti. Seli hizi kila mtu anazo, zinazuia kinga isishambulie mwili wenyewe. Minyoo wakikaa miezi na miaka, seli hizi huongezeka na kumwaga kemikali za kutuliza, IL-10 na TGF-beta. Hapo seli T nyingine hulegea: ukizitoa mwilini na kuziwekea vipande vya mnyoo huyohuyo, huitikia kidogo au hazizaliani kabisa. Kulegea huko hakuishii kwa mnyoo. Kunamwagikia na kitu kingine kilichopo jirani, kama chanjo au chavua.

Kwenye kingamwili nako kuna mabadiliko. IL-10 huzisukuma seli B zitengeneze IgG4 badala ya IgE. IgG4 hushika shabaha ileile lakini haifyatui seli za masti. Mwenye IgG4 nyingi dhidi ya mnyoo na IgE kidogo huwa mwenyeji mtulivu, na huambukizwa tena kwa urahisi.

Kwenye kichocho nasikia tatizo ni mayai, si mnyoo. Vipi?

Ni sahihi. Jozi moja ya kichocho cha tumbo (Schistosoma mansoni) hutaga mayai kama 300 kwa siku, na sehemu kubwa hayatoki na choo. Hunasa kwenye ini na ukuta wa utumbo. Kichocho cha mkojo (S. haematobium) mayai yake hunasa kwenye kibofu na via vya uzazi.

Kabla mayai hayajaanza, kinga huwa ya aina ya kwanza, Th1, yenye homa na uvimbe. Kuanzia wiki ya 5 au 6 mayai yanapotagwa, upepo hugeuka. Yai hutoa protini iitwayo omega-1, ambayo huingia ndani ya seli za upelelezi na kukatakata RNA zake, na seli hizo zikienda kuzifundisha seli T hufundisha Th2. Th2 hujenga kinundu kuzunguka yai: eosinofili, makrofaji (seli zinazomeza wageni), na baadaye nyuzi za kovu. Kinundu kinaokoa ini lisiunguzwe na sumu za yai, lakini makovu yakirundikana miaka 10 au 15 damu hushindwa kupita kwenye ini, bandama hukua na mishipa ya umio hupasuka. Panya wasioweza kutengeneza Th2 wakiambukizwa hufa mapema. Kwa hiyo usiichukie hiyo Th2. Bila hiyo mambo yangekuwa mabaya zaidi.

Mtalii akioga ziwani mara moja anaugua homa kali. Watoto wa pale hawaumwi. Kwa nini?

Homa hiyo, iitwayo Katayama, huja wiki 3 hadi 8 baada ya kuingia majini: joto, kikohozi, mabaka ya mzio, eosinofili juu sana. Ni kinga isiyowahi kumwona mnyoo ikikutana na mayai ya kwanza bila breki yoyote. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye kichocho amekutana na vitu vya mnyoo tangu tumboni, na kinga yake imezoezwa kutulia. Kutoumwa kwake si dalili ya uzima. Makovu yanaendelea kimyakimya.

Je, mtu anaweza kujenga kinga kamili dhidi ya minyoo?

Kamili, hapana. Ya sehemu, ndiyo, na polepole mno. Ushahidi mzuri ulitoka Kisumu, kwa waosha magari wanaosimama ndani ya Ziwa Victoria kila siku ya kazi. Walitibiwa kwa prazikwanteli, dawa ya kichocho, wakaambukizwa, wakatibiwa tena, mara nyingi. Baadhi yao, baada ya matibabu kadhaa, walianza kuchukua muda mrefu zaidi kabla ya kuambukizwa upya ingawa maji ni yaleyale. Wenye VVU walioshuka seli za CD4 walikosa faida hiyo.

Maelezo yanayokubalika ni kwamba kinga hujifunza zaidi kwa mnyoo anayekufa kuliko aliye hai. Prazikwanteli huchana ngozi ya mnyoo, vitu vya ndani vilivyofichwa vinamwagika kwenye damu, na IgE dhidi yake hupanda. Bila dawa, funzo hilo husubiri mnyoo afe kwa uzee, jambo linalochukua miaka. Hiyo ni sababu mojawapo ya watoto wa shule kuwa na mayai mengi kuliko wazazi wao wanaotumia maji yaleyale.

Chanjo zinashindwa kwa sababu ya minyoo?

Zinaweza kupungua nguvu, si kushindwa kabisa. Nchini Brazil watu wenye kichocho cha tumbo walionyesha mwitikio dhaifu wa seli T kwa chanjo ya pepopunda. Nchini Ethiopia, watu wazima wenye minyoo waliopewa albendazo, dawa ya minyoo wa utumbo, kabla ya BCG, chanjo ya kifua kikuu, waliitikia vizuri kuliko wasiopewa.

Hapo wengi huruka haraka na kusema: basi mpe mama dawa ya minyoo, mtoto ataitikia chanjo. Utafiti mkubwa wa Entebbe, Uganda, ulioandikisha wajawazito 2,507 kati ya 2003 na 2005, ulijaribu hasa jambo hilo kwa albendazo na prazikwanteli. Mwitikio wa watoto kwa BCG, pepopunda na surua haukuboreka. Kilichoonekana kwa watoto wa mama waliopewa albendazo ni ukurutu kuongezeka.

Kwa vitendo: usicheleweshe chanjo ya mtoto kwa kusubiri dawa ya minyoo. Kadi ya kliniki ifuatwe kama ilivyo.

Na UKIMWI, kifua kikuu, malaria?

Kwa VVU kuna mambo mawili tofauti, na watu huyachanganya. La kwanza ni jeraha. Kichocho cha mkojo kikitaga kwenye shingo ya kizazi na uke huacha vidonda vinavyovuja damu kirahisi na kukusanya seli ambazo VVU huzitafuta. Wanawake wenye hali hiyo hukutwa na VVU zaidi. Wengi hutibiwa magonjwa ya zinaa bila nafuu, kwa sababu hakuna aliyewauliza kuhusu maji ya mtoni.

La pili ni kinga yenyewe, na hapa mfano ni Kyela, mkoani Mbeya. Watafiti waliwafuatilia watu kwa miaka, wakaona waliokuwa na mnyoo wa matende, Wuchereria bancrofti, walipata VVU kwa kiwango cha zaidi ya mara 2 ya wasiokuwa naye, hata baada ya kuzingatia tabia za kujamiiana. Mnyoo huyu haachi kidonda sehemu za siri. Anayetiliwa shaka ni kinga iliyoamshwa muda wote, yenye seli T zilizo tayari kupokea kirusi.

Kwa kifua kikuu, Th1 ndiyo silaha kuu, na minyoo huivuta kinga kwenda Th2, lakini matokeo ya tafiti kwa binadamu yanapingana. Kwa malaria vivyo hivyo. Asikudanganye mtu kwamba kumeza albendazo kunakinga malaria.

Kwa nini mwenye mguu wa matende mara nyingi hana minyoo kwenye damu?

Kwa sababu ugonjwa unaoonekana ni kinga iliyoachia breki. Anayebeba maelfu ya watoto wa minyoo kwenye damu huwa na IL-10 na IgG4 nyingi, na mguu wake ni wa kawaida. Aliyevimba mguu au korodani kinga yake inapigana kwa nguvu, ikiharibu mishipa ya limfu, kisha bakteria wa ngozi humalizia kazi kupitia mipasuko midogo kati ya vidole. Kwa huyu, kuosha mguu kwa sabuni kila siku, kuukausha na kuuinua husaidia kuliko kurudia vidonge vya minyoo. Asiye na dalili ndiye anayewalisha mbu, na ndiye anayepaswa kumeza dawa wakati wa zoezi la kitaifa.

Tukiua minyoo, aleji na pumu zitaongezeka?

Swali zuri, lisilo na jibu la ndiyo au hapana. Watoto wenye kichocho nchini Gabon walikuwa na mwitikio mdogo wa ngozi kwa wadudu wa vumbi, na walio na IL-10 nyingi ndio waliotulia zaidi. Walipotibiwa mara kwa mara, mwitikio wa ngozi ulipanda. Lakini kipimo cha ngozi si ugonjwa. Kwenye visiwa vya Koome, Ziwa Victoria upande wa Uganda, vijiji 26 vya wavuvi viligawanywa, vingine vikapewa dawa nyingi na vingine za kawaida kwa miaka 3. Kukoroma kwa kifua na aleji havikutofautiana.

Aina ya mnyoo ina uzito. Safura huhusishwa na pumu kidogo, minyoo mviringo na pumu zaidi. Ukimwona mtoto wa shule mwenye pumu isiyotulia na eosinofili juu, mpime choo.

Hofu ya aleji haitoshi kumwacha mtoto na safura. Safura wako wa aina mbili: mmoja wa Necator hunyonya kama mililita 0.03 za damu kwa siku, wa Ancylostoma hadi 0.2. Zidisha mara mia uone.

Dawa ni kiasi gani, na kinga hurudi lini?

Albendazo miligramu 400 mara moja. Mtoto wa miezi 12 hadi 23 hupewa 200, kidonge kikipondwa ili asipaliwe. Dozi moja huponya karibu 95% ya minyoo mviringo, karibu 80% ya safura, lakini takriban 30% tu ya minyoo mjeledi, ambao huhitaji siku 3 au kuongezewa ivamektini, dawa nyingine ya minyoo. Mjamzito asubiri miezi 3 ya kwanza ipite.

Prazikwanteli ni miligramu 40 kwa kila kilo: mwenye kilo 60 humeza 2,400, yaani vidonge 4 vya 600. Kula kwanza. Tumbo tupu huleta kichefuchefu na dawa hufyonzwa kidogo. Dawa hii huua kichocho waliokomaa na kuwaacha wachanga, kwa hiyo aliyetoka majini juzi atibiwe tena baada ya wiki 6 hadi 8.

Kulegea kwa seli T hupungua ndani ya wiki hadi miezi baada ya dawa. Eosinofili huweza kupanda katika wiki 2 au 3 za mwanzo kwa sababu minyoo wanaooza wanaiamsha kinga. Usihesabu hiyo kuwa dawa imeshindwa. Kipimo cha kingamwili nacho hubaki chanya miaka, hivyo hakifai kuthibitisha kupona.

Nipime nini, na saa ngapi?

Kichocho cha mkojo: mkojo wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai hutoka zaidi saa hizo. Matende kwa darubini: damu ya kuanzia saa 4 usiku hadi saa 8 usiku; kipimo cha haraka cha antijeni (vitu vinavyotolewa na mnyoo) hufanyika mchana.

Kwa choo, kipimo cha darubini kiitwacho Kato-Katz hutumia miligramu 41.7, na idadi ya mayai huzidishwa kwa 24 kupata mayai kwa gramu. Kioo kisomwe ndani ya dakika 30 hadi 60, la sivyo mayai ya safura huyeyuka kwenye gliserini na mgonjwa huandikiwa hana kitu. Kichocho cha tumbo chenye mayai 400 na zaidi kwa gramu ni kizito. Sampuli moja hukosa maambukizi mepesi. Leta za siku mbili au tatu.

Eosinofili zaidi ya 500 kwa maikrolita zinadokeza minyoo, lakini kwenye maambukizi ya miaka mingi zinaweza kuwa za kawaida kabisa.

Kwa nini daktari aniulize kuhusu minyoo kabla ya kunipa prednisoloni?

Kwa sababu ya Strongyloides. Kinga ya Th2 humweka katika idadi ndogo, hata miaka 40, na mtu hajui: labda kuwashwa matako, mistari ya ngozi inayosogea haraka, kiungulia. Steroidi, jamii ya dawa ambamo prednisoloni imo, zikiizima kinga hiyo, minyoo huzaliana bila kizuizi, hutoboa utumbo kwa maelfu na kubeba bakteria wa choo hadi kwenye damu, mapafu na utando wa ubongo. Dalili ni maumivu ya tumbo, kutapika, kikohozi chenye damu, na madoa ya zambarau kuzunguka kitovu. Eosinofili hazionekani, maana steroidi zimeziondoa, na hapo ndipo wengi hupotezwa njia. Bila matibabu ya haraka wengi hufa.

Hatari inajulikana zaidi kwa miligramu 20 za prednisoloni kwa siku kwa wiki 2 au zaidi, ila hata dozi fupi zimewahi kuleta maafa. Walio na kirusi cha HTLV-1 wako hatarini bila hata steroidi. Kato-Katz haimwoni mnyoo huyu. Omba kipimo cha damu cha kingamwili, au choo kioteshwe kwenye agari, jeli ya maabara. Pasipo vipimo, na muda ukiwa mdogo, wataalamu wengi hutoa ivamektini kwanza: maikrogramu 200 kwa kilo, kilo 60 ni miligramu 12, siku moja au mbili. Albendazo ya dozi moja haitoshi.

Unayeishi Muscat, London au Toronto na ulikulia pwani au kando ya ziwa, mwambie daktari wako hilo kabla ya steroidi, dawa za saratani au kupandikizwa figo. Hatafikiria mwenyewe. Na aliyetoka misitu ya Kongo, Kamerun au Gabon apimwe kwanza damu ya mchana kutafuta Loa loa, mnyoo wa jicho, kwani ivamektini ikiwakuta wengi kwenye damu inaweza kuharibu ubongo.

Huko Ulaya na Marekani watu humeza minyoo makusudi ili wapone. Inafaa?

Wazo halikuwa la kipuuzi. Mwaka 2005 nchini Marekani wagonjwa wa vidonda vya utumbo mpana walipewa mayai 2,500 ya minyoo mjeledi wa nguruwe kila baada ya wiki 2, kwa wiki 12. 43% walipata nafuu dhidi ya 17% waliopewa dawa bandia. Majaribio makubwa zaidi yaliyofuata, kwa ugonjwa wa Crohn (uvimbe mwingine wa utumbo), hayakuonyesha faida. Uingereza wagonjwa 71 wa ugonjwa wa neva uitwao multiple sclerosis waligawanywa, nusu wakapewa safura wachanga 25 kila mmoja: seli T za kudhibiti ziliongezeka kidogo, lakini picha za ubongo hazikutofautiana kwa kiwango cha kutegemewa.

Siku hizi watafiti wanatafuta protini za mnyoo zifanywe dawa, mnyoo mwenyewe aachwe. Anayekuuzia minyoo mtandaoni hajui ni wangapi watakaokomaa ndani yako, wala kama wameletwa na bakteria wengine.